Rangi ya macho inatoka mu udongo

Wasomaji wetu, wengi wanafikiri kama dansi ya tumbo ni kazi ya kiuno tu. Hapana. Mutu anayekaa ku viti vya nyuma anatafuta uso wa muchezaji: anataka kuona kama anacheka, kama anahuzunika, kama anamuangalia yeye. Lakini mbele ya mataa makali uso unapotea. Macho inakuwa mashimo mawili, nyusi zinakwisha, midomo haionekani tena. Njo maana muchezaji anakaa saa nzima mbele ya kioo, wakati wapiga muziki wanatengeneza vyombo.

Dansi hii kule Misri wanaiita raqs sharqi, maana yake dansi ya Mashariki. Zamani ilikuwa inachezwa mu ndoa na mu nyumba za watu, karibu karibu, na rangi kidogo ilitosha. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua nyumba yake ya muziki ku Cairo, na mule dansi ikapanda ku jukwaa, mbele ya watu wengi na taa za umeme. Samia Gamal na Tahia Carioca walipita kwake, kiisha wakaingia mu sinema. Jukwaa na kamera vilidai uso uliochorwa kwa nguvu. Kutoka pale kupaka rangi kukawa sehemu ya kazi yenyewe.

Kazi inaenda hivi. Kwanza uso unaoshwa na kukaushwa, unapakwa mafuta kidogo sana. Kiisha rangi ya ngozi, na hapa kuna sheria moja: uso lazima ufanane na shingo, mikono na tumbo, kwa sababu muchezaji huyu tumbo lake linaonekana. Sisi wenye ngozi nyeusi tuangalie zaidi. Pudre nyeupe chini ya taa inageuza uso kuwa majivu. Rangi inayofaa ni ile ya dahabu, ya shaba ao ya udongo mwekundu. Pudre inakuja nyuma, juu ya kuzuia jasho na mungaro.

Sasa macho. Mustari mweusi unapita ku mizizi ya kope, juu na chini, unatoka inje ya jicho kidogo kama mukia wa ndege. Mustari wa juu unakuwa munene kuliko ule wa chini. Nyusi zinajazwa, kope za bandia zinabandikwa, rangi ya midomo inapakwa kwa nguvu. Taa nyekundu inakula rangi nyekundu ya midomo, na taa ya bluu inaigeuza kuwa nyeusi. Basi muchezaji mwenye akili anauliza kwanza mutu wa mataa: leo utawasha rangi gani? Kiisha anasimama hatua 10 mbali na kioo. Kama toka pale anaona macho yake, kazi imekwisha. Kama anaona rangi tu, amezidisha.

Na ule mustari mweusi, unatoka wapi? Hapa tunafika ku mambo ya kwetu, watu wa migodi.

Wamisri wa zamani sana walikuwa wanapaka macho rangi mbili. Ya kwanza kijani, ya pili nyeusi. Ile ya kijani ilikuwa malakite, jiwe lile lile ambalo watu wa Kolwezi na Likasi wanachonga na kuuza. Kila muchimbaji analijua: mu kilo 100 za malakite safi kuna karibu kilo 57 za shaba. Ile nyeusi ilikuwa galena, jiwe zito lenye kungaa, ambalo linachimbwa juu ya plomb. Wamisri waliitoa ku Gebel Zeit, pembeni ya Bahari Nyekundu. Walikuwa wanasaga majiwe haya juu ya jiwe laini, wanachanganya na mafuta, wanapaka kwa kijiti.

Tena kuna jambo la kushangaza. Hathor, mungu wao wa kike wa muziki na dansi, alikuwa pia mulinzi wa wachimbaji. Ku Serabit el-Khadim, mu jangwa la Sinai, wachimbaji wa majiwe ya rangi walimujengea hekalu. Ku Gebel Zeit walimuita bibi wa galena. Mwenye kucheza na mwenye kuchimba waliomba mulango mumoja.

Hata leo rangi za duka zinatoka mu udongo. Nyekundu na kahawia ni kutu ya chuma. Talki ya pudre ni jiwe. Ule mungaro wa kope mara nyingi ni mika. Hizi, kama zimetengenezwa vizuri, hazina shida. Shida ni galena.

Kila kilo 100 za galena safi zina karibu kilo 86 za plomb. Na plomb haina urafiki na mwili wa mutu. Inaingia damu, inajificha mu mifupa, inakaa miaka. Mutu mukubwa anaumwa tumbo, anakosa damu, anachoka bila sababu. Mutoto anaumizwa zaidi: akili yake inachelewa, masomo yanamushinda, na kile kilichoharibika hakirudi. Wala hailazimu kuimeza kwa kijiko. Mutoto anafikicha macho, analamba vidole, imetosha. Haiko mbali na sisi: ku Kabwe, inje ya mupaka mu Zambia, mine ya plomb na zinki ilifungwa mwaka 1994, na mpaka leo vumbi yake inaendelea kugonjwesha watoto.

Wanja yenye galena ingali inauzwa mu masoko ya inchi nyingi. Kule Marekani serikali imeikataa kabisa mu vitu vya kujipaka. Jina ku kichupa haliambii kitu, kwa sababu wanja ingine imetengenezwa kwa masizi ao kutu nyeusi ya chuma, nayo inaitwa vile vile. Basi binti anayejipaka juu ya ballet ya masomo, tamasha ao ndoa, afanye hivi:

Asome karatasi. Kama imeandikwa galène, plomb ao sulfure de plomb, airudishe. Kama hakuna karatasi yoyote, asinunue.

Asisage jiwe lolote la mugodi na kulipaka ku macho, hata likiwa zuri namna gani. Majiwe yetu ya shaba mara nyingi yanabeba kobalti, na pembeni fulani hata uraniumu.

Asimupake mutoto muchanga wanja ambayo hajui imetoka wapi, hata bibi mukubwa wa nyumba akisema ni desturi. Tunaheshimu wakubwa, lakini wao hawakuwa na mutu wa kuwaambia habari ya plomb.

Asiazime kijiti ao brosi ya macho. Ugonjwa wa macho mekundu unapita haraka kutoka kwa mumoja mpaka kikundi kizima.

Rangi mupya aijaribu ku mukono siku moja mbele. Kiisha dansi, aitoe kwa mafuta na pamba, aoshe uso na mikono mbele ya kugusa chakula.

Wababa wanaotoka mine wanajua sheria hii ya mwisho vizuri: vumbi ya kazi haiingie mu sahani ya watoto. Waifundishe mabinti zao pia. Vumbi ya kazi ni vumbi ya kazi, hata ile inayouzwa mu kichupa kizuri.