DNA hujinakili vipi? Na kidonge kinaingiaje hapo?

 

Leo naanza na karatasi. Tulikuwa na kipindi cha afya na wanafunzi wa sekondari pale Kashai, Bukoba Mjini. Tulipomaliza watu wakatawanyika, msichana mmoja akabaki nyuma. Hakusema kitu. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaondoka haraka. Ndani aliandika hivi: "Dada, nina rafiki bwenini. Alizaliwa na VVU. Wenzake wakiwepo hamezi dawa, anaogopa watamcheka. Anasema siku mbili tatu hazina neno. Ni kweli?"

Jibu fupi: si kweli. Siku mbili tatu zina neno, tena kubwa. Lakini sitaki uamini kwa sababu tu nimesema mimi. Nataka uone mwenyewe. Na ili uone, inabidi tuingie kwenye somo ambalo wengi wetu tulilikariri tu ili tufaulu mtihani: jinsi DNA inavyojinakili. Twende pamoja, taratibu.

DNA ni kitu gani?

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA. Ni maelekezo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Ukiinyoosha DNA ya seli moja tu inafika kama mita 2, ndefu kuliko wewe! Ina nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick kule Cambridge, Uingereza, wakitegemea pia picha za eksirei za mwanamama Rosalind Franklin wa London.

Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Hizo ni adenini, thaimini, guanini na saitosini. Sheria ni moja: A hushikana na T, na G hushikana na C. Basi! Hiyo ndiyo siri yote.

Paredi ya asubuhi

Seli ikitaka kugawanyika, lazima kwanza inakili DNA yake ili kila seli mpya ipate maelekezo kamili. Inafanyaje?

Fikiria paredi ya asubuhi shuleni. Mistari miwili imetazamana, kila mtu ameshika mkono wa mwenzake. A ameshika T, G ameshika C. Mwalimu wa zamu anaamuru: mistari iachane! Sasa kila mmoja amebaki bila mwenzi. Pembeni ya uwanja wamejaa wanafunzi wengine, huru. Kila A anaita T mpya, kila C anaita G mpya, hadi mistari yote ijae. Tazama sasa: una paredi mbili, zinafanana kabisa, na kila moja ina mstari mmoja wa zamani na mmoja mpya. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl, kule Marekani, walithibitisha kwa kutumia bakteria kwamba ndivyo inavyokuwa.

Kazi hiyo ina mafundi wake, yaani vimeng'enya. Helikesi hufungua nyuzi kama unavyofungua zipu. DNA polimerasi huleta herufi mpya na kuziunga, kwa binadamu kama herufi 50 kwa sekunde. Kwa kuwa DNA ni ndefu mno, kazi huanza sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na huchukua kama saa 8. Halafu polimerasi hii huenda upande mmoja tu, hairudi kinyumenyume. Kwa hiyo uzi mmoja hunakiliwa moja kwa moja, na mwingine hunakiliwa vipande vipande. Vinaitwa vipande vya Okazaki, kwa heshima ya Wajapani wawili, mume na mke, Reiji na Tsuneko Okazaki. Ligesi ndiyo huviunga vikawa uzi mmoja.

Hapa shika jambo moja, tutalihitaji mbele. Kila herufi ina kitu kama ndoano ya kushikia herufi inayofuata. Bila ndoano, uzi hauendelei.

Haya, jipime. Chukua kalamu uandike uzi mwenza wa huu: A T G C C G T A. Jibu liko mwisho, usichungulie!

Msahihishaji

Ukikopi notisi ubaoni, unakosea mara ngapi? Usinijibu. Polimerasi nayo hukosea, lakini ina tabia nzuri: ikiweka herufi isiyo sahihi inarudi hatua moja, inaitoa, inaweka nyingine. Baada yake wanakuja mafundi wa ukarabati. Mwisho wa yote, linabaki kosa kama moja tu katika kila herufi bilioni moja.

VVU: mwanafunzi asiyesahihisha

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa hapa mkoani Kagera. Utafiti uliofanyika Bukoba Mjini mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana VVU. Waulize bibi na babu, watakuambia jinsi misiba ilivyofuatana. Wakati ule dawa hazikuwepo hapa.

Maelekezo ya VVU ni mafupi, hayafiki hata herufi 10,000, nayo yako kwenye RNA, si DNA. Kikiingia kwenye seli ya kinga, kirusi hutumia kimeng'enya chake kiitwacho rivasi transkriptesi kuandika DNA kutoka kwenye RNA. Halafu DNA hiyo hupachikwa katikati ya DNA ya mtu. Seli hiyo ikigawanyika, na maneno ya kirusi yananakiliwa humo humo. Ndiyo maana dawa za sasa hazikimalizi kabisa. Kingine hulala ndani ya seli, kimya, kikingoja.

Na kimeng'enya hicho hakina msahihishaji. Kinaandika mbio, hakirudi nyuma. Nakala za VVU hutoka na makosa mengi, na kila kosa ni kirusi kilicho tofauti kidogo na mzazi wake.

Herufi bandia

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye vituo vya serikali nchini mwaka 2004. Siku hizi vijana wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Tenofovir hujifanya herufi A. Lamivudini hujifanya herufi C. Kimeng'enya cha kirusi kinadanganyika, kinazichukua na kuziunga kwenye uzi. Kumbe hazina ndoano! Herufi inayofuata haina pa kushika. Nakala inakatika hapo hapo. Dawa ya tatu, dolutegravir, huzuia ile kazi ya kupachika. Polimerasi zetu wenyewe huzikataa kwa kiasi kikubwa hizo herufi bandia, ndiyo maana dawa humkaba kirusi bila kusimamisha kazi za seli zetu.

Sasa rudi kwenye karatasi ya yule dada. Usipomeza siku mbili tatu, dawa mwilini inapungua. Kirusi kinapata nafasi ya kunakili, huku kikikosea. Ukiendelea hivyo, leo unameza, kesho huna habari, kuna siku litatokea kosa linalokifaa. Mfano wa kweli: sehemu moja tu kwenye maelekezo ya kile kimeng'enya, herufi A ikibadilika kuwa G, kinaanza kuitambua lamivudini na kuikataa. Herufi moja! Virusi vingine vinazuiwa na dawa iliyobaki, hicho kinaendelea kuzaana. Huo ndio usugu. Dawa ni ile ile, kirusi si kile kile.

Kinyume chake, anayemeza kila siku hakipi kirusi nafasi ya kunakili, wala ya kukosea. Virusi hupungua hadi kipimo kisivione. Akidumu hivyo anaishi na afya yake, anasoma, anafanya kazi, na hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Ufanye nini?

Kama dawa ni zako: ukisahau, meza mara unapokumbuka siku hiyo hiyo, usimeze mbili kwa pamoja, na uwaeleze ukweli wahudumu wa CTC. Hawapo pale kukufokea. Mtafute mtu mzima mmoja shuleni unayemwamini, matroni au mwalimu, akutunzie siri na akupe mahali pa faragha pa kumezea.

Kama dawa ni za mwenzako: usitangaze, usichungulie sanduku la mtu, usicheke. Yule binti hakuacha kidonge kwa sababu hajui DNA. Anaogopa vicheko. Sisi wengine tukifunga midomo yetu, tumeshamsaidia nusu ya safari.

Nawe dada wa karatasi, asante kwa kuuliza. Mpelekee rafiki yako ukurasa huu. Ukiweza, kaa karibu naye saa ile ya kumeza dawa, mpige stori za kawaida tu.

Jibu la zoezi: T A C G G C A T. Umepata? Hongera! Umefanya kazi ya polimerasi. Na kama ulikosea halafu ukarudi ukasahihisha, ndiyo umeifanya vizuri zaidi.