Rap katika nyumba zetu: wazazi wanaogopa nini?

Ukiwauliza wazazi wa makanisa yetu ya Butembo na Beni juu ya rap, wengi watajibu kwa ufupi: ni makelele, ni matusi, ni muziki wa wahuni. Vijana nao watasema kwamba wazazi hawajasikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Sisi tunaona kwamba hofu kubwa ya wazazi wa huku haitoki kwenye makelele.

Rap ni kusema maneno yenye vina kwa kufuata mdundo. Ilizaliwa New York, katika eneo la Bronx, kati ya vijana maskini. Wengi huhesabu tangu tarehe 11 Agosti 1973, siku DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Bendi haikuhitajika, sahani za muziki na kipaza sauti vilitosha. Ndiyo maana imefika upesi hata kwetu. Kijana wa Kimemi au wa Mulekera hawezi kununua gitaa na ngoma za bendi, lakini simu anayo.

Wazazi wamesahau kidogo historia ya rumba. Wendo Kolosoy alipotoa “Marie-Louise” mwaka 1948, watu walisimulia kwamba wimbo ule ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu, na wamisionari hawakufurahi hata kidogo. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu wote, na baba anayeikataa rap ndiye anayetabasamu akimsikia Franco. Kwa hiyo upya wa mdundo si sababu ya kuuita dhambi.

Maneno ni jambo lingine. Iko rap inayodharau wanawake na kusifu ulevi na pesa, na mzazi anayeizima mbele ya watoto ana haki. (Ziko pia rumba zinazosifu mambo hayohayo kwa sauti tamu, nasi tunazicheza kwenye arusi.)

Lakini huku kwetu iko rap ya namna nyingine. Tangu Oktoba 2014 raia wanachinjwa katika eneo la Beni. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule leo ni mtu mzima, na hakujua maisha mengine. Vijana wa namna hiyo wameimba waliyoyaona. Aliyejulikana zaidi ni Delphin Katembo Vinywasiki, aliyeitwa Idengo. Wengine wanamwita rapa, wengine mwimbaji tu. Vijana wabishane wenyewe. Aliwalaumu viongozi na jeshi kwamba hawawalindi watu. Mwaka 2021, chini ya utawala wa kijeshi tunaouita état de siège, mahakama ya kijeshi ya Beni ilimhukumu kifungo cha miaka 10 kwa ajili ya nyimbo zake. Tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma alipokuwa akitengeneza video, wiki chache baada ya M23 kuuchukua mji.

Basi mama anayesema “zima huo muziki” pengine anajua vizuri kwamba maneno yale ni ya kweli. Anajua pia yanaweza kumfikisha mtoto wake wapi. Kusema “ni makelele” ni rahisi kuliko kusema “ninaogopa watakuua”. Kijana hasikii hofu hiyo, anasikia dharau tu. Kisha anaandika kwa siri, usiku, na hakuna mkubwa wa kumwonyesha mahali ambapo kilio cha haki kimegeuka kuwa chuki juu ya kabila lingine. Siri hiyo inatutia wasiwasi kuliko mdundo wowote.

Maombolezo ya Yeremia yamo katika Biblia zetu, na Amosi aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu amechoka na nyimbo zao kwa sababu walikanyaga haki. Kanisa linajua wimbo wa kulia na wimbo wa kukemea. Wazazi, mwombeni kijana awasomee maneno yake polepole, bila muziki, maana Kiswahili, Kinande, Kifaransa na Lingala vikichanganywa mbio namna ile hata sisi tunapotea. Mwambieni wazi mnachoogopa. Katika vikundi vya vijana, maneno ya wimbo yasomwe kwanza na wote, ndipo wimbo upande jukwaani. Na wazee wanaojua Kinande cha zamani wakaribishwe siku hiyo: vijana wengi wanatafuta mithali za kuweka katika mashairi yao, na hawana wa kumuuliza.