Je, Wajua? Mzee Honda, Muhuri na Mgongo

Kwa desturi ya Wajapani, karatasi yenye uzito haiwekwi saini, hupigwa muhuri wenye jina la ukoo. Zamani hata ripoti ya shule ilirudi kwa mwalimu ikiwa na muhuri wa mzazi. Je, wajua kwamba mwanzilishi wa kampuni ya Honda alianza ufundi kwa kughushi muhuri huo?

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake alikuwa mhunzi aliyetengeneza baiskeli, mama yake mfumaji. Darasani mtoto alikuwa wa mkiani. Ili mzazi asizione alama, alichukua kipande cha mpira wa pedali ya baiskeli, akachonga jina la ukoo, akapiga muhuri mwenyewe, mambo yakapita. Wenzake walipoona, nao wakataka wachongewe. Hapo ndipo alipoumbuka. Herufi mbili zinazoandika jina Honda zina sura ileile hata ukizitazama kwenye kioo, kwa hiyo hakuwa amejua kwamba muhuri huchongwa kinyume. Majina ya wenzake yalitoka kichwa kikiwa mkiani. Mwalimu hakuhitaji mpelelezi.

Muhuri huu tuuweke akiba, tutauhitaji mbele.

Je, wajua pia kwamba mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 10, alitoroka na baiskeli ya baba yake, kubwa kuliko miguu yake, akaendesha kilomita 20 hivi kwenda kumtazama rubani Mmarekani Art Smith akipindua ndege angani? Alipofika getini senti hazikutosha. Akapanda mti.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Kijana wa kijijini alitegemea kukabidhiwa spana, akakabidhiwa mtoto wa bosi. Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kufagia na kulea, mtoto kafungwa mgongoni kama kwa mbeleko, naye macho yote yako kwenye injini zilizofunguliwa. Mgongo ulipolowa, mafundi wakubwa walimcheka kwamba Honda kachorewa tena ramani ya dunia. Alifikiria kukimbia. Siku moja kazi zilizidi, bosi akamwita: haya, vaa ovaroli. Alikaa pale miaka sita, akarudi Hamamatsu mwaka 1928 kufungua tawi lake mwenyewe.

Mwaka 1935 alimwoa Sachi, na huyu mama ndiye ninayemwona mtu wa pili muhimu katika hadithi nzima, ingawa vitabu vya biashara humtaja kwa mstari mmoja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuanguka. Honda aliamua kutengeneza ringi za pistoni, na hakujua chuma kinavyochemka. Katika ringi 50 alizopeleka Toyota zikaguliwe, zilizokubaliwa ni 3. Kabla ya hapo, mtu mzima huyu mwenye gereji na wafanyakazi alikuwa amekwenda kukaa darasani na vijana katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu, akisikiliza yale tu yanayohusu ringi na kukwepa mitihani, mpaka chuo kikamwondoa. Mwishowe ringi zikakubalika. Kisha vita: kiwanda kimoja kiliteketea kwa mabomu ya Wamarekani, na Januari 1945 tetemeko likabomoa kingine. Mabaki akawauzia Toyota kwa yeni 450,000, akajipa likizo ya mwaka mzima.

Sasa tufike 1946. Japani imeshindwa, mabasi yamejaa hadi madirishani, chakula cha mjini hakitoshi, na akina mama wanakanyaga baiskeli kwenda vijijini kutafuta mchele. Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi. Akaifunga moja kwenye baiskeli. Tangi la mafuta? Akachukua nyumbani chombo cha maji ya moto, kile ambacho Wajapani hukiweka kitandani wakati wa baridi, akakitia petroli. Kisha akamwita mkewe ajaribu. Sachi alivaa suruali yake bora ya kazini, kwa kuwa angepita barabara kuu watu wamtazame, akaiendesha mji mzima. Aliporudi suruali ilikuwa imetapakaa mafuta, naye hakunyamaza. Baadaye Honda alipenda kusimulia kwamba alibuni kile chombo cha usafiri kwa kumwonea huruma mkewe aliyechoka kukanyaga. Sachi kila akiulizwa alisema huruma labda ilikuwepo, ila mumewe alitaka kujua tu kama mwanamke anaweza kukiendesha. Nani wa kumwamini? Mimi niko na mwenye suruali.

Kwa mlio wake, watu wa Hamamatsu walikiita chombo kile bata-bata. Sikio la binadamu halitofautiani sana: sisi nasi tulipousikia mtambo wa namna hiyo tukauita pikipiki.

Kampuni yenyewe ilisajiliwa tarehe 24 Septemba 1948, mtaji yeni milioni moja, wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata akakutana na Takeo Fujisawa, mtu wa mauzo na hesabu. Na hapa ndipo muhuri wetu unaporudi. Honda, aliyejua udhaifu wake kwenye makaratasi, alimkabidhi Fujisawa muhuri wa rais wa kampuni, na inasimuliwa kwamba katika miaka yote ya ushirika wao hakuugusa. Mikopo, mikataba, viwanja, vyote vilipigwa muhuri na mwenzake. Yeye alikuwa karakanani, kavaa nguo nyeupe za kazi, kachuchumaa sakafuni anachora injini kwa chaki.

Fujisawa ndiye aliyedai pikipiki ambayo kijana wa kupeleka tambi angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia. Ndiyo maana Super Cub ya mwaka 1958 haina klachi ya mkono. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo.

Asije mtu akadhani tunamsifia malaika. Wafanyakazi walimwita Oyaji, neno linalokaribiana na Mzee tunavyolitumia kwa baba au bosi, na Mzee alikuwa na hasira za radi. Fundi aliyekaza nati vibaya angeweza kurushiwa spana, au kupigwa kofi, kisha nusu saa baadaye Mzee anarudi kwa aibu akijifanya ana swali. Alikunywa sana ujanani. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa shahidi wa maisha yake: kwa kuwa mkono wa kulia ndio uliopiga nyundo, wa kushoto ndio uliopigwa. Ncha za vidole zilikatika na kuota tena fupi, patasi ilimtoboa, mashine ikamchuna. Aliwahi kuuchora mkono huo na kuonyesha kila kovu na kisa chake.

Je, wajua kwamba hakuna mtoto wake aliyerithi kampuni? Yeye na Fujisawa walikubaliana kwamba mtoto wa yeyote kati yao haajiriwi pale. Ndugu yake wa damu, Benjiro, aliyekuwa mkurugenzi, alitakiwa aondoke, akaondoka. Mwanawe, Hirotoshi, alipotaka kuunda injini za mashindano, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Mugen, mwaka 1973. Honda alifika mahali pa kujutia kwamba kampuni ilibeba jina la ukoo wake. Aliona imewafanya watu wadhani ni mali ya nyumbani. Kwetu, ambako duka la baba huwa linasubiri mtoto wa kwanza amalize kidato cha nne, baba wa namna hii angeitishiwa kikao cha ukoo. Lakini naona ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuipenda familia: aliwaachia nyumba iwe nyumba.

Kilichomwondoa kazini ni jambo dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wake walikuwa wakiunda CVCC, injini ya gari yenye moshi safi kuliko sheria mpya ya Marekani ilivyotaka. Mzee akashangilia kwamba sasa watawapita wakubwa wa Detroit. Vijana wakamjibu kwamba wao hawafanyi kwa ajili ya kumpita mtu, wanafanya kwa ajili ya hewa ambayo watoto wao wataivuta. Alikiri baadaye kwamba siku ile aliona wakati wake umepita. Oktoba 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja, Honda akiwa na miaka 66. Kiti alikipata Kiyoshi Kawashima, mhandisi wa miaka 45 asiye na undugu naye. Marais wote waliofuata, hadi Toshihiro Mibe aliyeshika usukani mwaka 2021, ni wahandisi, na hakuna hata mmoja wa ukoo wa Honda.

Mstaafu hakukaa barazani. Alizunguka Japani nzima, kiwanda kwa kiwanda, duka kwa duka, kumshika mkono kila mfanyakazi na kumwambia asante. Mahali fulani fundi mmoja aliurudisha mkono wake nyuma, umejaa grisi, akataka akauoshe kwanza. Honda akaudaka vilevile ulivyo, akaukaza, kisha akanusa kiganja chake. Harufu ya mafuta ilikuwa imemshika tangu utotoni, alipolikimbilia gari la kwanza kupita kijijini na kuinama pale lilipodondosha matone.

Nyumbani Tokyo alichora picha, na kila kiangazi aliwaalika wageni bustanini kuvua samaki katika kijito alichokitengeneza. Mwaka 1989 akawa Mjapani wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Magari huko Marekani. Fujisawa alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia. Honda alipotua Japani aliipeleka medali nyumbani kwa marehemu na kuiweka mbele ya madhabahu yake.

Kuhusu maziko, aliacha agizo: kampuni isimfanyie, kwa sababu mtengeneza magari hana haki ya kuwasababishia watu foleni. Kampuni ikatii, ikaandaa mikusanyiko ya shukrani badala ya msiba, na makumi ya maelfu wakafika.

Siku chache kabla ya kufa, akiwa hospitalini, alimwomba Sachi ambebe. Sachi, naye mzee, akainama, akampandisha mgongoni, mrija wa dripu ukiwafuata, akatembea naye taratibu kuzunguka chumba. Soichiro Honda alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 84.