Mashine za Michezo Zinaporudi Kivu

Mashine ya michezo ya video, yaani kompyuta ndogo inayounganishwa na televisheni ili mtu acheze kwa kidhibiti cha mkononi, ina undugu na Kivu ya Kaskazini ambao wengi wanaoiuza au kuigawa hawaujui. Ndani yake mna kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantali, metali inayopatikana katika madini ya koltani yanayochimbwa Kivu. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, mwaka uleule bei ya koltani ilipopanda ghafla duniani, ingawa simu za mkononi nazo zilichangia sana.

Wafanyabiashara wa Butembo, mji wa Kivu ya Kaskazini, ambao shehena zao hupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi kabla ya kufika Beni, wanaweza kuirudisha mashine hiyo ikiwa mtumba. Mnunuzi aanze na kibandiko cha nyuma: PlayStation 2 za mwanzo za Japani na Marekani zilitengenezewa umeme wa volti 100 hadi 120, hivyo zikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 220 huungua. Kisha aweke diski, asikilize kama inazunguka bila kukwaruza, na asubiri mchezo ufunguke.

Anayeigawa kama msaada naye ana wajibu, kwani mashine iliyokufa ni taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka kabla ya nchi inayozipokea kuridhia.