Injini kuwaka si mwisho wa kazi

Pikapu kuukuu iliyolala uani miaka mingi ikifungwa injini nyingine na kuwaka, majirani hukusanyika. Watoto wanakimbilia moshi, mwenye gari anapokea pongezi, fundi anakusanya spana zake na kudai kilichobaki. Kwa mafundi wengi na wateja wao, hapo kazi imekwisha. Mimi nashikilia kwamba ndipo inapoanza. Gari la zamani linalofufuliwa nyumbani, katika wilaya kama Korogwe na Handeni, ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa, lakini heshima hiyo haitokani na mngurumo. Inatokana na marekebisho ya polepole yanayofuata, ambayo hakuna anayeyapigia makofi: tapeti, breki, uwiano wa difu, mpangilio wa usukani. Fundi anayeishia kwenye mngurumo ameacha nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayobeba roho za watu.

Walioifanya kazi ya namna hii ikajulikana duniani ni vijana wa California, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940. Walinunua Ford za bei ndogo, Model T na Model A, wakavua madigadi na kila kilichoongeza uzito, wengine wakafunga injini ya V8 ambayo Ford iliitoa mwaka 1932, kisha wakaenda kupimana mbio kwenye ziwa kavu la Muroc. Magari hayo ndiyo yaliyoitwa hot rod. Picha zilizobaki vichwani mwa watu ni za injini zilizoachwa wazi na vumbi nyuma, ila historia yenyewe ina jambo zito zaidi. Mwaka 1937 vijana hao waliunda chama chao, SCTA, kikaleta kanuni na upimaji wa muda. Mara tu saa ilipoanza kupima, maneno ya kijiweni hayakutosha tena. Injini kubwa iliyosetiwa vibaya ilishindwa na ndogo iliyosetiwa vizuri, na kila mtu aliona.

Kwetu gari la kazi hiyo ni Land Rover. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu na chasi ya chuma, na ndani ya miaka michache ilikuwa gari la serikali, la misheni na la mashamba makubwa katika Tanganyika nzima. Mkoa wa Tanga ulikuwa na sababu ya pekee ya kuijua kwa undani, nayo ni mkonge. Reli kutoka Tanga iliifikia Korogwe mwaka 1902, na kandokando yake yakaenea mashamba ya Hale, Mnyuzi, Magunga, Ngombezi hadi Mazinde. Kila shamba lenye korona ya kuchakata mkonge lilihitaji karakana: mashine ya kukereza vyuma, mchomeleaji, fundi wa injini. Shafti ikikatika leo, majani yaliyokwisha kukatwa hayangojei spea ya meli. Tanganyika ilipozalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, karakana hizo zilikuwa vyuo bila kuitwa vyuo. Uzalishaji ulipoporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, ajira zilikwisha, lakini ujuzi wa mikono haufi siku kiwanda kinapofungwa. Ulihamia uani na kwenye gereji bubu, na naamini hiyo ni sababu kubwa ya kukuta katika miji midogo ya ukanda huu mtu anayeweza kukereza bushi kwa kuitazama ya zamani tu.

Kazi ya kweli inaanzia chini. Bodi ya Land Rover hailiwi na kutu kama chuma, kwa hiyo gari linaweza kupendeza machoni huku chasi imeoza. Chasi hiyo ni boksi lenye uwazi ndani, na kutu huanzia ndani, pale tope lililoingia na kukauka linaposhika unyevu. Fundi makini analala chini na nyundo ndogo na bisibisi. Anagonga kuanzia mbele kwenda nyuma akisikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa. Anapitia hasa sehemu zinaposhikiliwa springi na ule mtambaa wa nyuma, na panapotia shaka anasukuma bisibisi. Ikizama, hakuna rangi wala bati la kubandika litakalosaidia. Panakatwa hadi kwenye chuma kizima, kisha ndipo panachomelewa chuma chenye unene uleule. Hatua hii haina mvuto, na mteja mwenye haraka ataiona kama kupoteza fedha. Injini mpya juu ya chasi iliyooza ni hatari kuliko injini iliyokufa, maana iliyokufa angalau haitembei.

Kisha iko injini yenyewe, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu tapeti zinaeleza tofauti ya kuwasha na kuseti kuliko kitu kingine chochote. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyofungwa kwenye Land Rover kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi katika miaka ya 1980, ina valvu nane na mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Nafasi ya tapeti ni inchi 0.010, yaani robo ya milimita, kwa valvu za kuingiza na za kutolea moshi pia. Unazungusha injini kwa mkono mpaka valvu ya nane ifunguke kabisa, ndipo unapima ya kwanza. Ya sita ikifunguka, unapima ya tatu. Ya nne ikifunguka, unapima ya tano. Jumla ya namba mbili ni tisa kila mara, na anayeijua kanuni hiyo hahitaji kitabu. Kipimo chembamba cha bati kinapita kati ya roka na valvu kwa kukwaruza kidogo tu: kikipita ovyo nafasi ni kubwa, kikigoma ni ndogo. Fundi anayepima kwa sikio atasema injini isiyogonga tapeti ndiyo nzuri. Si kweli. Nafasi ikiwa ndogo mno injini hutulia kwa sauti, lakini valvu ya moshi haifungi sawasawa na taratibu inaungua.

Jambo hilo limekuwa zito zaidi tangu nchi za Kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, hatua iliyokuwa ya lazima kwa afya za watoto wetu. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu za moshi. Bila risasi, viti laini hulika, valvu inazama, na nafasi ya tapeti inazidi kupungua. Kwa hiyo fundi anayepima tapeti kila baada ya kilomita elfu kadhaa na kuandika vipimo vyake anasoma afya ya kichwa cha injini bila kukifungua. Valvu moja ikikaza kila mara kuliko nyingine, anajua kiti chake kinakwenda, na anapeleka kichwa kikafungwe viti vigumu kabla gari halijakwama porini na magunia ya mahindi.

Wengi siku hizi hawataki petroli kabisa. Injini ile inakunywa, kilomita 5 au 6 kwa lita, kwa hiyo wanafunga dizeli ya Toyota, au ile ya Land Rover ya baadaye iitwayo 200Tdi au 300Tdi. Siwapingi. Napinga kudhani kwamba injini ikishaingia na adapta ikishakerezwa gari limekuwa jipya. Adapta isipolenga katikati, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, bearing ya shafti ya gia boksi italia na klachi itakufa mapema. Na hata ikilenga, bado kuna hesabu ya difu. Land Rover 109 ina difu ya uwiano wa 4.7. Kwa matairi ya 7.50-16 na gia ya nne, kwenda kilomita 80 kwa saa kunataka injini izunguke karibu mara 2,900 kwa dakika, na kilomita 100 ni karibu 3,600. Dizeli nyingi za kizazi hicho huvuta vizuri zaidi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500. Ukibadilisha difu kwa ile ya Range Rover ya zamani, yenye 3.54, mizunguko ya kilomita 80 inashuka hadi 2,200. Injini inapumua, mafuta yanapungua, kelele inakwisha.

Lakini gari hilo linakwenda wapi? Hapo jiografia ya Korogwe na Handeni inaingia ndani ya difu. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami, na kutoka Handeni hadi Mkata, penye barabara kuu, ni kilomita 54 nyingine za lami. Anayebeba machungwa njia hiyo atafaidi 3.54. Anayepanda na mzigo kwenda Bungu au Vugiri milimani atajuta, kwa kuwa gia ya kwanza imekuwa ndefu na klachi itanuka kila kona. Hakuna jibu moja sahihi. Fundi anayemuuliza mteja njia yake na uzito wa mzigo wake kabla ya kugusa difu, huyo anaseti gari. Anayefunga difu yoyote iliyopatikana kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, wiki hiyo anaunganisha vyuma tu.

Na lami ndiyo iliyobadilisha suala la breki. Magari haya yalitoka kiwandani yakiwa na breki za dramu miguu yote minne. Breki za diski mbele zilikuja na 110 mwaka 1983. Kwenye vumbi, kwa kilomita 60 kwa saa, dramu zilitosha. Weka injini yenye nguvu na lami chini yake, mwendo ufike 90, na nishati ambayo breki inapaswa kuizima haiongezeki kwa nusu: inakuwa mara mbili na robo, kwa sababu inakua kwa mraba wa mwendo. Ongeza karibu tani moja ya mzigo na mabasi yanayoshuka kuelekea Segera. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata: kila farasi anayeongezwa kwenye injini atanguliwe na breki. Dramu pana zaidi, silinda mpya za magurudumu, buster inayofanya kazi, ikiwezekana diski mbele, na mabomba yote ya mafuta ya breki yabadilishwe. Vivyo hivyo thamostati. Iko desturi ya kuitupa ati nchi yetu ni ya joto. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake, mafuta yanachafuka, silinda zinalika. Gari likichemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba, feni iliyo mbali mno nayo baada ya kubadilisha injini, au gasketi, na kuitupa thamostati ni kuuficha ugonjwa.

Watu wenye busara wananipinga hapa. Wanasema hayo yote ni gharama, na kwa fedha hiyo mtu anunue Canter au Hilux iliyotumika kutoka Japani. Kwa anayefanya biashara ya lami peke yake, wako sahihi na sitamshawishi. Ila magari yaliyotumika yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada yanapoingia, na bei yote inalipwa kwa mkupuo mmoja. Pikapu ya uani inalipwa kidogokidogo, msimu kwa msimu, na sehemu kubwa ya fedha inabaki kwa mkerezaji na mchomeleaji wa hapahapa. Springi zake za majani zinatengenezeka kwa moto na nyundo. Kwa mkulima wa vijiji vya ndani vya Handeni, ambako mvua ikinyesha njia inabaki ya magari yenye gia ya kuvuta magurudumu manne, hesabu inageuka.

Wengine wanataka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, kwa ajili ya historia. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha upendo huo ni mkubwa, na ni upendo wa haki. Anayefungua injini ya asili asiiuze kama chuma chakavu. Aipake mafuta, aihifadhi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama: magari ya kuungaunga yanaua. Naikubali hofu hiyo, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Kulipiga marufuku gari kutalipeleka kwenye njia zisizo na askari. Marekani walipokabiliwa na vijana waliokimbizana barabarani, chama cha NHRA kilichoundwa mwaka 1951 kilishirikiana na polisi, na mwaka 1954 kikatuma kikosi kidogo kilichokuja kuitwa Safety Safari kuzunguka miji kikikagua magari na kufundisha. Sisi tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, tunayo Wiki ya Nenda kwa Usalama yenye ukaguzi na stika zake, na VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Mwenye gari aliyebadilisha injini anapaswa kuipeleka namba yake TRA ili kadi ya gari ilingane na kilichomo. Kinachokosekana ni ukaguzi unaoelewa gari lililoundwa upya: chasi imegongwa na kusikilizwa, breki zimepimwa likiwa na mzigo, mshiko wa usukani hauna uchezaji, difu na injini vimeandikwa pamoja. Fomu moja yenye vipengele hivyo, ikijazwa Manundu mjini Korogwe au Chanika mjini Handeni na fundi mwenye cheti pamoja na askari wa usalama barabarani, ingetosha kuanzia.