Beringi Hazifichi Kitu

Injini ya mtumba inayosubiri mnunuzi Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, huwa imeoshwa ikang'aa. Mng'ao huo usikushughulishe. Omba sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe, na chujio la oili likatwe. Lisikatwe kwa msumeno wa chuma, maana msumeno utaacha unga wake humo ukakupotosha.

Tandaza karatasi ya chujio juani, upitishe sumaku. Vinavyonasa ni vya chuma. Chembe za rangi ya fedha zisizonasa huenda ni aluminiamu ya pistoni. Chembe zikiwa na wekundu wa shaba, nenda moja kwa moja kwenye beringi za krenki.

Krenki ya injini nzima ikizunguka kwa kasi haigusi beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower aliligundua jambo hili mwaka 1883, akipima beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi, oili ikafoka. Akaliziba, kizibo kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaonyesha kwa hesabu kinachotokea: mzunguko wenyewe huivuta oili hadi panapobana, presha ikapanda mpaka ikabeba mzigo wote. Nauona kuwa ugunduzi mzuri mno, na karibu kila gari la petroli au dizeli barabarani linautegemea.

Ndiyo maana beringi iliyochubuka hadi shaba ikaonekana ni ushahidi mzito: utando ulikatika, oili ilipungua au ilichafuka. Injini ya namna hiyo iache, hata bei ikishuka.

Silinda zipime kwa geji ya kompresheni, plagi zote zikiwa nje. Moja ikiwa chini ya wenzake, tia humo oili kidogo upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Povu jeupe kwenye kifuniko cha oili laweza kuwa unyevu tu, lakini oili ya sampo ikiwa kama maziwa, maji yameingia.

Ukishainunua injini na kuifunga kwenye gari, kumbuka imekaa muda mrefu bila kuzunguka, na oili imeshachuruzika kutoka kwenye beringi. Jaza oili mpya, acha plagi nje, zungusha kwa stata vipindi vifupi vifupi hadi taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi na kuiwasha.