Pesa ya Basi, Pesa ya Jezi: Kundi la Mashabiki Liweke Wapi Hela Zake?

Ukiwa Osiri, kule Nyatike kwenye machimbo ya dhahabu, mechi ya Gor Mahia huanza siku kadhaa kabla ya refa kupuliza kipenga. Inaanzia kwa simu, admini wa kundi la WhatsApp anapoandika: "Basi la Nairobi linajaa, tumeni."

Hapa Migori na Homa Bay, K'Ogalo ni timu ya nyumbani. Jina lenyewe ni la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, na tangu 1968 klabu imeishi kwa nguvu za wanachama wake. SportPesa ilipoondoa udhamini 2019, mashabiki waliingiza mkono mfukoni. Kuchanga si shida. Shida ni hiyo "tumeni" inaelekea kwa namba ya nani.

Mara nyingi ni laini ya mweka hazina mwenyewe. Tuseme ana deni la Fuliza la shilingi 3,000. Shabiki wa kwanza anatuma 1,000 ya basi, wa pili 1,000, wa tatu 1,000. Zote zimekatwa kabla hajashika simu. Jamaa hajaiba, lakini jaribu kueleza hayo kwenye kundi la watu 200. Na akifariki (Mungu aepushe), laini inafungwa, na pesa ya basi inasubiri pamoja na mali yake hadi familia imalize mambo ya urithi.

Ndiyo maana tunawaambia: chukueni paybill ya kundi. Uzuri wake uko pale panapoulizwa namba ya akaunti. Mchangaji anaandika BASI, mwingine MSIBA, na taarifa ya mwezi inaonyesha kila shilingi ilikuja kwa kazi gani. Till haina nafasi hiyo, kwa hivyo iacheni iwe ya kuuza vitu.

Kiasi nacho kifikiriwe. Mchimbaji wa Osiri halipwi tarehe 30. Kuna wiki mawe yanasagwa na hayatoi kitu, halafu siku moja yanatoa. Ukimwambia alete 200 kila Jumamosi, atajificha. Mruhusu atume kidogo kidogo akipata, mradi afikishe nauli kabla ya safari.

Sasa biashara. Kundi likishakuwa kubwa, kila mtu anataka kuuzia humo: omena, simu, jezi. Tengeni siku moja ya matangazo, na kama mnatoza ada, iingie paybill. Lakini kundi lisishike pesa ya mnunuzi hata kidogo. Alipe muuzaji moja kwa moja kwa till yake. Mkikubali kupokea 1,500 ya jezi kwa niaba ya mtu, jezi isipofika mtaulizwa nyinyi: "Omera, pesa yangu iko wapi?" Na kabla ya kuchapisha jezi zenu, kumbukeni nembo ni mali ya klabu. Ombeni ruhusa, au nunueni kwa wauzaji wanaotambuliwa na klabu.

Taarifa ya michango iwekwe wazi kwenye kundi, ila ficheni namba za simu za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata majina na namba hizo. Mkitoka nje ya wanachama mkaanza kuchangisha abiria stendi ya Migori, hiyo ni habari nyingine, inataka leseni ya serikali.

Jambo ambalo makundi mengi husahau ni baki. Basi limelipwa, zimebaki 4,700. Amueni kabla ya safari kama zinarudi kwa waliochanga au zinahamia MSIBA, na muandike. Baada ya mechi, hasa mkifungwa, hamtaelewana.

Kupata paybill, kwanza jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo yenu. Watu kumi wanatosha. Bebeni katiba ya kundi, muhtasari wa kikao uliosainiwa na vitambulisho vya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Cheti kikitoka, kileteni kwetu pamoja na karatasi hizo, na mtaje watu wawili wa kuidhinisha kila malipo. Msichague wawili wa nyumba moja.